Biokompatibo sio kwamba mwili haujashtuka

Jamani hili neno linateswa. Leo tena nimesoma mtu anasema seramiki (jamii ya kaure, kama za vikombe) za kutengenezea vipandikizi vya mifupa ni biokompatibo "yaani mwili hauna habari nazo". Hauna habari vipi? Mwili unajua hata mwiba ukikuchoma kidoleni, itakuwa bonge la kichwa cha nyonga cha kupandikizwa?

Maana yake kwa haraka: kitu kinafanya kazi iliyokipeleka mwilini, na mwili nao unakijibu vile kazi hiyo inavyotaka. David Williams, mtaalamu wa vifaa vya kupandikizwa mwilini, aliliweka karibu hivyo 1987 na mpaka leo ndio wengi wanaloshika.

Sasa asili yake. Neno limetoka Kilatini, compati, kuteseka pamoja, kuvumilia pamoja. Na hapa Kiswahili kinatubeba kweli kweli, maana sisi tunasema kupatana, kuvumiliana, na ile -ana ya mwisho inadai wawepo wawili (hapana, pati na kupata sio ndugu, ni sauti tu zimegongana). Ukisema "alumina (moja ya hizo seramiki) ni biokompatibo" ukanyamaza ni sawa na kusema Juma anapatana. Na nani? Kwenye shughuli gani?

Chukua hiyo hiyo alumina. Daktari wa upasuaji Pierre Boutin kule Ufaransa aliiweka kwenye nyonga za watu 1970, na pale inafaa sana, ni ngumu, inang'arishwa mpaka inateleza, haisagiki ovyo. Ila mfupa haushikani nayo, mwili unaizungushia kautando kembamba na maisha yanaendelea. Kwenye kiungo kinachozunguka hiyo sio shida, lakini ukiitumia kuziba pengo ambalo unataka mfupa ukue ujae humo, imekula kwako. Haidroksiapataiti ndio kinyume chake, ni kalsiamu na fosfeti karibu sawa na madini ya mfupa wenyewe, mfupa unaikumbatia, ila ibebeshe uzito wa mwili uone inavyopasuka kama kikombe, na ukiitoboa vitundu ili mfupa uingie ndani ndio unazidi kuipunguzia nguvu, kwa hiyo mara nyingi wanaipaka tu juu ya titani, chuma kibebe mzigo yenyewe ifanye urafiki.

Halafu kuna kioo cha mwanasayansi Larry Hench, Marekani, 1969. Walikipandikiza kwenye mfupa wa paja la panya, waliporudi kukitoa kikagoma, kimeshikana na mfupa. Ule mwili ulikuwa na habari zote! Ulijibu sana tu, na hilo jibu ndilo walilokuwa wanalitafuta.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika, hujapotea mbali, ongeza tu maneno mawili matatu: biokompatibo *kwa kazi gani*, *sehemu gani ya mwili*. Na ile "hauna habari" ifute taratibu, weka "unaivumilia".