Sauti nzuri peke yake haikupi kazi ya kudabu

Wiki hii nimeletewa tena voisi noti, kijana kasoma tangazo kwa sauti nzito ile ya kwenye trela za filamu, mwisho anasema dada kila mtu ananambia nna sauti nzuri, niunganishe na kazi za kudabu tamthilia, yani kuwatilia sauti za Kiswahili waigizaji wa tamthilia za kigeni. Kijana ana heshima zake na sina ubaya nae. Ila hili la sauti nzuri nimeshalisikia mno, na kwetu visiwani haliji peke yake, linafuatiwa na "na nyie Wazanzibari Kiswahili si chenu, basi kazi imekwisha". Haijaanza hata kuanza.

Sauti nzuri itakusaidia ukisoma taarifa ya habari au tangazo la sabuni. Kwenye tamthilia kuna bibi kizee mgonjwa, kuna mlevi, kuna mama mkwe mwenye roho mbaya, na bajeti zetu ni ndogo kwa hiyo msanii mmoja anaweza kupewa wahusika watatu wanne, sasa ukiwa na sauti yako moja ya kupendeza wote hao watakuwa mtu yule yule. Mimi huwa namfikiria marehemu Bi Kidude, muimbaji wetu wa taarab aliefariki 2013, sauti yake ilikuwa kavu, imekwaruza, lakini akifungua mdomo unaamini kila anachosema. Huko kuaminika ndio tunakotafuta kwenye usaili.

Tuje kwenye linaloniudhi khasa, hii dhana kwamba kudabu ni kusoma tafsiri huku picha inapita. Televisheni zetu zinakwenda picha 25 kwa sekunde, yani kila picha ni milisekunde 40, ukichelewa picha tano sita mtazamaji anahisi kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hawezi kukwambia ni nini. Halafu midomo inafumba kwenye m, b na p, kwa hiyo kwenye klozapu, pale uso umejaa skrini nzima, kama muigizaji wa kwenye picha kafumba midomo na wewe uko kwenye "aaa" ndefu, teki hiyo imeharibika, rudia.

Na hapo bado. Chukua Kituruki, maana televisheni ya Azam wanarusha tamthilia za huko kwa Kiswahili na watu wanazipenda. Mturuki kitendo anakiweka mwisho wa sentensi. Mtu anaeleza kwamba nduguye kauliwa, anaanza na ndugu, la kuua linakuja mwisho kabisa, na uso wake unabadilika pale pale mwisho, macho yanajaa, taya inakaza. Tafsiri ya mezani inakuletea "amemuua ndugu yangu", ni sahihi, hakuna wa kuikosoa, lakini ukiisema hivyo uchungu wote umeshautoa mwanzo na pale uso unapobadilika wewe unamalizia "yangu". Picha inalia, sauti imeshamaliza kulia. Basi unageuza, "ndugu yangu... kamuua", kila kitu kinakaa mahala pake, na hiyo "ka" yetu imekupunguzia silabi moja juu yake. Hayo unayafanya studio, maiki iko wazi, dairekta anasubiri kwenye hedifoni na aliefanya tafsiri hayupo. Anaepiga hesabu hiyo ni muigizaji, na ndio maana nakasirika mtu akisema tunasoma tu.

Kuna na pumzi. Ukidabu, sauti za waigizaji wa mwanzo zinatolewa zote, tunaletewa muziki na milio peke yake, kwa hiyo kila mguno, kikohozi, kutafuna, kukimbia, kupigwa ngumi, vyote unavifanya upya wewe, tena umesimama shibiri moja tu kutoka kwenye maiki na huruhusiwi kusogeza mguu. Kulia kwikwi bila kutikisa mabega ni kazi. Kanzu na baibui za kitambaa kinachokwaruza tunavua mlangoni, bangili hivyo hivyo. Waigizaji wazuri wa filamu nimewaona wakikwama hapa, wamezoea jicho liseme badala yao, kwenye kamera inatosha, maiki haina habari na jicho.

Kurekodi nyumbani kunawezekana. Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake nene za mawe na chokaa zinazuia kelele nyingi ila chumba kinarudisha mwangwi, tundika mablanketi, zima feni, na rekodi usiku kunguru wakishalala.

Sasa hili la Kiswahili chetu. Ni kweli Kiunguja cha mjini ndicho kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi 1930. Lakini lugha iliyosanifiwa si hii unayozungumza barazani. Dairekta anataka mtu wa Kisumu, Tanga na Wete wote wafahamu, kwa hiyo "n'takwenda" yako inabidi uitanue, na ukiitanua muda wa mdomo unakwisha, ndio unarudi kwenye hesabu ile ile. Mimi naona fomu zetu fupi, keshafika, kenda, kamuua, zingeruhusiwa zaidi zingetuokoa sana. Na kinachoniuma kuliko vyote, mimi mtoto wa Pemba, ni kwamba Kipemba na Kimakunduchi, lahaja zetu za visiwani, vikiingia studio vinapewa mlinzi wa geti au mtu mjinga, sultani kamwe. Kwa nini? Lafudhi hizo zina watu wazima wenye hekima zao.

Nna shaka moja ambayo sijaimaliza, kwamba mama zetu wanaitizama tamthilia huku wanakuna nazi, macho yako kwenye mbuzi, hawaoni mdomo wa mtu. Pengine tunahangaika na milisekunde ambazo hakuna anaezihisabu na nguvu zote zingepaswa kwenda kwenye hisia. Sijui. Siku nyingine naamini hivyo, siku nyingine siamini.

Kitu cha mwisho, mikataba. Siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti yako ikaendelea kusema maneno ambayo hujawahi kuyatamka. Kifungu cha matumizi ya sauti kisome chote, na kama kimeandikwa "milele" na "kwa teknolojia yoyote" usisaini siku hiyo hiyo, chukua nakala uende nayo COSOZA, wanaosimamia hakimiliki Zanzibar, ukaulize, na ukumbuke sheria ya hakimiliki ya Zanzibar ni mbali na ya Bara kwa hiyo uliza pia mkataba unafuata ipi.