Dhana potofu kuhusu uchumi na vile wanauchumi wanafikiri

Inayoniudhi zaidi ni hii: ati uchumi umejengwa juu ya imani kuwa binadamu ni mbinafsi tu, kwa hivyo somo lote ni bure. Hebu turudi nyuma. John Stuart Mill, mwanafalsafa na mwanauchumi Mwingereza, mwaka 1836 aliandika wazi kabisa kwamba mwanauchumi anamchukulia mtu kana kwamba anatafuta mali peke yake, lakini hakuna mwanauchumi mpumbavu wa kuamini watu wako hivyo kikweli, ni njia tu ya kutenga sababu moja uiangalie vizuri kabla hujaichanganya na zingine. Na Adam Smith, huyu anayetajwa kila soko huru likizungumzwa, miaka 17 kabla ya kile kitabu chake maarufu cha 1776 kuhusu utajiri wa mataifa alikuwa ashatoa kingine, na kinaanza kwa kusema hata mtu awe mbinafsi vipi, kuna kitu ndani yake kinachomfanya ajali hali za wenzake.

Halafu kuna utafiti natamani kila mtu wa Pwani aujue. Matokeo yake yalitoka 2001, watafiti walipeleka michezo ya pesa za kweli kwa jamii ndogo 15 duniani, na moja ilikuwa Waorma, jirani zetu wa Tana River, huko alifanya kazi mwanaanthropolojia Jean Ensminger. Mchezo mmoja uko hivi: mtu anapewa pesa agawane na mwenzake asiyemjua, huyo mwenzake akikataa mgao wote wawili wanakosa. Mbinafsi wa vitabuni angetoa kidogo sana, lakini Waorma mgao wao wa kawaida ulikuwa nusu kwa nusu! Mchezo mwingine kila mtu anachangia kapu la pamoja, linaongezwa kisha linagawiwa sawa kwa wote, na wao wakautambua papo hapo, wakasema huu si ni mchezo wa harambee. Na kwa jumla jamii zilizozoea zaidi kuuziana sokoni ndizo ziligawana vizuri zaidi, kinyume na vile wengi wanadhani soko huharibu roho ya mtu.

Dhana nyingine huja kila Ramadhani. Nazi zinapanda, tende zinapanda, mihogo kwenye soko la Kongowea hapa Mombasa inapanda, na bado watu wananunua kushinda mwezi uliopita, basi mtu anasema umeona, ile sheria ya bei ikipanda watu wanapunguza kununua ni uongo. La. Sheria yenyewe ina sharti, mengine yote yakibaki vile vile, na Ramadhani hayabaki, maana nyumba iliyokuwa inatumia nazi moja sasa inapika mihogo ya nazi, ndizi mbichi za nazi na mbaazi jioni moja. Hamu ya wanunuzi ndio imepanda na ikavuta bei nayo, hatuwezi kusoma kwenye hizo namba peke yake watu hujibu vipi bei ikibadilika.

Hili tatizo liliwasumbua wanauchumi miaka mingi. Kwenye kazi ya mwanauchumi Philip Wright ya mwaka 1928, kuhusu ushuru wa mafuta ya mimea na wanyama, kulikuwa na suluhisho: tafuta kitu kinachosukuma upande wa muuzaji peke yake, kama hali ya hewa iliyopunguza mavuno. Yaani kiangazi kikipunguza nazi za Kwale na Kilifi hakimuongezei mtu wa Majengo hamu ya wali wa nazi, kwa hivyo hapo ndio unaona bei inamfanya nini. Ingawa kiangazi kikali kinagusa mifuko ya watu pia, na ndio maana kubishana kuhusu hiyo njia hakujaisha mpaka leo.

Ati uchumi hauwezi kufanyiwa majaribio? Umefanyiwa hapa hapa Kenya. Kule Busia, magharibi mwa nchi, kuanzia 1998 shule 75 zilipewa dawa za minyoo kwa zamu, wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer wakalinganisha waliotangulia na waliokuwa wanangoja, utoro ukapungua kwa karibu robo, na Kremer akawa mmoja wa washindi wa Nobel ya uchumi 2019. Ila matokeo ya Busia huwezi kuyaleta Likoni hivi hivi, lazima uulize kwanza kama minyoo na kiwango chake ni sawa.

La mwisho, ati uchumi unatuambia la kufanya. Mwanauchumi Mwingereza Lionel Robbins alisisitiza 1932 kwamba kujua kitakachotokea na kusema kinachopaswa ni mambo mawili. Lakini hata namba zenyewe zina maamuzi ya watu ndani, Simon Kuznets aliyepima pato la taifa la Marekani alionya 1934 kwamba huwezi kujua ustawi wa watu kwa kuangalia pato peke yake, na mama anayepikia nyumba yake kutwa nzima haingii kwenye hesabu hiyo, anayeuza mahamri anaingia.

Sasa chukua feri ya Likoni, waenda kwa miguu hawalipi. Mwanauchumi anaweza kukukadiria foleni itapungua kiasi gani wakitozwa. Akiongeza kwamba ndio tuwatoze, hapo ameleta msimamo wake, na ana haki nao kama mtu yeyote, lakini muulize saa moja ya mama anayevuka na beseni la samaki ameiwekea bei gani, na nani alichagua hiyo bei.