Kwa nini tango husuguliwa kichwani kabla ya kukatwa?

Jikoni kwetu tango halikatwi hivihivi. Kwanza hukatwa kipande kidogo upande wa kikonyo, kipande kikarudishwa palepale na kuzungushwa mpaka povu jeupe litoke. "Sumu hiyo inatoka," huambiwa mtoto anayetazama. Je, ni kweli?

Povu ni utomvu wa tango uliochanganyika na hewa kwa kule kusugua. Uchungu ni habari nyingine. Mmea wa tango hutengeneza kukurbitasini, kemikali chungu inayowafukuza wadudu na wanyama wanaokula majani. (Si wote. Kuna mbawakawa wanaoufuata uchungu huohuo kama sisi tunavyofuata harufu ya pilau.) Kwa kawaida kemikali hiyo hubaki kwenye majani na shina, lakini mmea ukikosa maji au ukipigwa na jua kali siku nyingi, huingia hadi kwenye tunda, ikajaa zaidi karibu na kikonyo na chini tu ya ganda.

Kwa hiyo kinachosaidia hasa ni kile kipande kutupwa, si kusugua. Kata, onja, bado chungu, kata tena. Likiwa chungu kupita kiasi, litupe lote, maana kukurbitasini nyingi huleta msokoto wa tumbo na kuhara, na kulipika hakuiondoi.

Wengine kwa hofu humenya tango lote. Mimi naona hasara. Asilimia 95 hivi ya tango ni maji, na gramu 100 zina kalori kama 15 tu; na katika kile kidogo kilichobaki, sehemu kubwa ya vitamini K iko kwenye ganda, pamoja na nyuzinyuzi. Lioshe vizuri. Ganda likiwa gumu, menya mstari mmoja, ruka mmoja.

Maji hayo ndiyo pia yanayoifanya kachumbari iogelee kabla wageni hawajafika, kwa sababu chumvi huyavuta nje. Dawa yake ni kuyatoa mapema: kata tango vipande vyembamba, linyunyizie chumvi, liache kwenye chujio dakika 20, kisha likamue kwa mkono. Nyanya, kitunguu, pilipili na limau viingie kwenye kachumbari pilau ikishapakuliwa. Na tango hilohilo lililokamuliwa, ukilichanganya na mtindi mzito, halitaugeuza kuwa maji.