Sarkoidosisi si upungufu wa kinga

Wiki hii mgonjwa mwingine wa sarkoidosisi ameacha prednisoloni na kuanza kunywa vidonge vya "kuongeza kinga", kwa sababu ndugu zake walimwambia kwamba ugonjwa wa kinga hauwezi kutibiwa kwa dawa inayoshusha kinga. Ndugu hao siwalaumu, kwa kuwa lugha yetu ilikwisha kulifunga neno "kinga" pamoja na UKIMWI, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini. Kinachoniudhi ni kulisikia kosa lilelile kutoka kwa watu wa afya.

Katika sarkoidosisi, seli za kinga hukusanyika, hasa mapafuni na kwenye tezi za kifuani, zikafanya vinundu viitwavyo granuloma, kana kwamba zimemzingira adui ambaye hajajulikana tangu Caesar Boeck wa Norway alipoanza kutumia jina la sarkoidi mwaka 1899. Wengi hupona bila dawa. Aliyeandikiwa prednisoloni kwa ajili ya moyo, macho au pumzi inayopungua asiiache ghafla.

Hata hivyo, kusema kwamba kinga "imezidi" nako hakutoshi. Mgonjwa huyohuyo akidungwa tuberkulini, yaani kipimo cha TB cha kwenye ngozi, mara nyingi ngozi yake haivimbi hata kama aliwahi kuambukizwa kifua kikuu, na limfosaiti, aina mojawapo ya seli za kinga, zinaweza kuwa chache katika damu huku zimejaa pafuni. Huelezwa kwamba zimehamia huko, nami hufundisha hivyo, ingawa siamini kwamba maelezo hayo yanamaliza suala. Kwa hiyo ngozi isiyovimba haimwondolei mtu shaka ya TB, na hapa kwetu makohozi, na ikibidi kipande cha tezi, lazima vipimwe kabla ya kuanza prednisoloni. Granuloma ya TB kwa kawaida huwa na kiini kilichooza, ya sarkoidosisi haina, lakini hadubini peke yake haitoi hukumu kila mara. Tena watafiti wamekuta mabaki ya bakteria wa jamii ya TB katika baadhi ya granuloma za sarkoidosisi, jambo ambalo bado linanisumbua.

Nilimwomba mgonjwa wangu alete chupa zote. Vidonge vilikuwa na vitamini D na kalsiamu. Granuloma zenyewe huigeuza vitamini D kuwa katika hali yake yenye nguvu, kalsiamu ikapanda katika damu na kuweza kuumiza figo, kwa hiyo kabla ya kuzungumzia prednisoloni tena nilimpima kalsiamu na figo.