Mhudumu wa duka kakuvunjia heshima? Haya ndiyo yanayowafanya watu wanyamaze bure

Kazi yangu ni kushughulikia malalamiko ya wateja na kuwafunza wahudumu wa maduka hapa Mombasa, kuanzia maduka ya leso (kanga) ya Biashara Street hadi supamaketi za Nyali na Bamburi. Kuna kauli moja nimeisikia mpaka imenichosha, na juzi nimeisikia tena kwa mama aliyedharauliwa waziwazi mbele ya binti yake. Nimeona niiandike, pamoja na nyingine zinazofuatana nayo.

“Nikimshtaki atafukuzwa, na mimi sitaki kumkatia mtu riziki.”

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu wanaoisema ni watu wema na wanaamini wanafanya jema. Mama huyo alikwenda kutafuta leso za kupeleka arusini. Akaomba afunguliwe tatu asome majina, yaani maneno yaliyoandikwa kwenye leso, maana leso ya arusi hainunuliwi kwa rangi peke yake. Kijana akafungua ya kwanza. Ya pili akaibwaga kaunta ikiwa bado imekunjwa, akafyonya, akasema, “Nyinyi wa kusoma majina mwajulikana, hata pesa hamna.” Mama akamshika binti mkono wakatoka. Nilipomuuliza kama alimwona mwenye duka, akanijibu: “Mwanangu, yule naye ana watu wanamtegemea.”

Sasa sikilizeni. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayekusudia kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, amruhusu kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chao cha wafanyakazi, kisha asikilize utetezi wake kabla ya kuamua. Akiruka hatua hizo, mfanyakazi anaweza kumpeleka kwenye Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi, ambayo iko hapa hapa Mombasa, na fidia inaweza kufika mshahara wa miezi 12. Hata kumkata mshahara kwa sababu mteja kanung’unika hakuruhusiwi hivi hivi: kifungu cha 19 kimetaja makato yanayokubalika, na hasira ya mteja haimo.

Najua jibu litakalokuja: hiyo ni sheria ya kwenye karatasi, na duka la Marikiti halina barua za kazi. Ni kweli, na hapo ndipo hofu ya mama ina msingi. Kibarua asiye na karatasi anaweza kuambiwa jioni asirudi kesho, ingawa sheria hiyo hiyo humhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima kuwa mwajiriwa wa mwezi. Lakini dawa ya hofu hiyo ni namna unavyolalamika. Kunyamaza hakumlindi yeyote.

Tazameni kinachotokea mteja akinyamaza. Harudi. Anawaambia dada zake, anawaambia wenzake wa chama, nao wanahamia duka la tatu mbele. Mwenye duka anaona mauzo yanashuka na hajui kwa nini. Siku ya kupunguza watu ikifika anapunguza kwa kubahatisha, na mara nyingi anayeondoka ni yule mpole aliyeajiriwa mwisho. Mfedhuli anabaki, amezoea, na hakuna aliyewahi kumkanya wakati kosa lilikuwa bado dogo. Nimeyaona haya katika maduka mengi, na inaniuma kila mara kwa sababu lilikuwa jambo la kumalizwa kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Mama aliponiruhusu, nilikwenda kwa mwenye duka. Ikabainika kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewakataza vijana wasifungue leso ovyo, kwani zikikunjuliwa mara nyingi zinapoteza sura ya upya na wateja wanazikataa. Kijana alikuwa akigombezwa kila jioni kwa mikunjo iliyoharibika. Hilo halimpi ruhusa ya kumwambia mtu hana pesa, na alielezwa hivyo, akampigia mama simu kumuomba radhi. Lakini na kanuni pia ikabadilika: sasa kila jina lina leso moja iliyotundikwa ukutani, mteja asome kwa nafasi yake. Bila lalamiko lile, kijana angeendelea kubanwa huku na huku, na wateja wangeendelea kutolewa maneno.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao nautoa kila mahali na sitachoka kuutoa: andika siku hiyo hiyo, mistari minne, umpelekee meneja au mwenye duka peke yake. Taja siku na saa, taja kaunta au till (pale keshia anapopokea pesa), nukuu maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, kisha sema unachotaka. Mfano: “Jumanne baada ya alasiri, kaunta ya leso, kijana aliyevaa shati la kijani aliniambia hata pesa sina. Sitaki afukuzwe. Nataka aelezwe kosa lake na nataka kuombwa radhi.” Hiyo sentensi ya “sitaki afukuzwe” ina nguvu kuliko mnavyodhani. Meneja akishapewa njia ndogo ya kulimaliza, huishika. Na acheni kuandika “ana kiburi” au “hakulelewa.” Meneja hawezi kumuuliza mtu kuhusu malezi yake, ila anaweza kumuuliza kama alisema maneno fulani.

“Huna risiti, huna haki.”

Risiti inasaidia sana, kwa kuwa inaonyesha saa, na katika supamaketi nyingi inaonyesha namba ya till na jina la keshia. Itunzeni. Lakini aliyedharauliwa kabla hajanunua chochote naye ni mteja. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za kiwango kinachofaa, na huduma huanza unapohudumiwa, kabla ya kulipa.

“Mteja ni mfalme.”

Wanaonijia na kauli hii mara nyingi ndio walioanza. Mtu anapiga kaunta, anamwita keshia “we” akiwa anaongea na simu, anamrushia noti, kisha anashangaa kujibiwa kwa mkato. Ibara ya 28 ya Katiba inasema kila mtu ana utu unaostahili kuheshimiwa, na keshia hakuuacha wake mlangoni alipoingia zamu. Nikipokea lalamiko, humsikiliza mhudumu kwanza na, kamera zikiwepo, nazitazama. Ukiwa wewe ndiye uliyeanza, jiepushe na aibu.

Na si kila jibu fupi ni ufedhuli. Keshia anayefunga hesabu mwisho wa mwezi na foleni imefika kwenye friji, au muuza viungo aliyefunga saumu na magharibi inakaribia, hawezi kukuamkia kama mgeni wa nyumbani. Kuna pia vijana kutoka bara ambao Kiswahili chao ni cha moja kwa moja; masikio ya mtu wa Mji wa Kale yanasikia ukali ambao mwenzake hakuutia. Mimi hujiuliza kama kulikuwa na tusi au dharau kwa mtu mwenyewe, kama mteja amepoteza pesa, na kama ni tabia ya kila siku. Kama hakuna hata moja, acheni lipite.

“Ni maneno tu.”

Hapa sina subira. Mtu akinyimwa huduma au akitukanwa kwa sababu ya kabila lake, buibui lake, msalaba wake, ngozi yake au kiti chake cha magurudumu, hayo si maneno tu. Ibara ya 27 inakataza ubaguzi, hata kati ya mtu na mtu. Lalamiko la namna hiyo liandikwe hata kama ni mara ya kwanza, na meneja akilifunika, lipelekwe Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu.

“Dawa yao ni kuwaanika mtandaoni.”

Ukimrekodi msichana wa kaunta na kuisambaza sura yake kwenye WhatsApp mpaka Mtwapa na Ukunda, umempa adhabu isiyo na mwisho kwa kosa la dakika mbili. Ajabu ni kwamba wanaofanya hivi ndio hao hao wanaosema hawataki kumkatia mtu riziki! Kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichoifanya kashfa kuwa jinai kilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017, lakini kushtakiwa kwa madai bado kupo. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data alizitoza faini biashara zilizochapisha picha za watu bila idhini yao. Andikeni kwa meneja. Kama hakujibu, andikeni makao makuu ya duka.

“Wote mle ndani ni watu wa duka.”

Bawabu anayekagua mifuko mlangoni mara nyingi ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, na yule dada anayekuita ujaribu sabuni mpya ametumwa na kampuni ya sabuni. Meneja atakwambia “huyo si wangu” na atakuwa anasema kweli. Tazama nembo kwenye sare, kisha peleka lalamiko kote kuwili: kwa duka, kwa kuwa ndilo lililomruhusu asimame pale, na kwa mwajiri wake.

“Nitawapeleka mahakamani.”

Kwa ufedhuli mtupu, utapoteza nauli. Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60, lakini inataka hasara inayohesabika: feni iliyoharibika siku ya pili, malipo ya awali uliyonyimwa. Kibandiko cha “mali ikiuzwa hairudishwi” hakikuzuii kudai bidhaa mbovu, kwa sababu Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hairuhusu duka kujiondolea wajibu wake kwa kibandiko. Bei ya rafu ikitofautiana na ya till, mlango wa kubisha ni Mamlaka ya Ushindani. Mizani ya Kongowea ikikupunja, nenda kwa maafisa wa biashara wa kaunti, kwa kuwa kusimamia biashara ya haki ni kazi ya kaunti. Na Tume ya Haki ya Utawala, ambayo watu wengi huniuliza kama inapokea malalamiko ya maduka, inashughulikia ofisi za umma. Karani wa serikali akikufukuza dirishani, hapo ndipo uwaandikie.