Jaribio la tindikali si kila taabu

Usemi wa Kiingereza "acid test", yaani "jaribio la tindikali", una maana moja: ni kipimo kinachoamua kama kitu ni halisi au ni bandia, na kikishafanyika ubishi umekwisha. Visawe vyake katika Kiswahili havitafutwi kwa tochi. Kipimo cha uhakika, mtihani wa kuamua, au kwa wanaopenda maneno ya masonara, jiwe la kujaribia dhahabu. Ningeishia hapo, ila hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, nimeusikia mno usemi huu redioni, mikutanoni na kwenye mahafali, ukitumiwa kwa maana ya taabu kubwa inayomkomaza mtu. Kosa hilo linaniuma zaidi kwa sababu linatokea katika mji ambamo dhahabu ya machimbo ya Kamituga na Misisi hupita kila siku mikononi mwa watu.

Sonara wa mtindo wa kale huchukua jiwe jeusi, akalisugua kwa kile alicholetewa mpaka kikaacha mstari mwembamba, kisha akaudondoshea tindikali ya nitriki. Ikiwa ni shaba iliyong'arishwa tu, mstari hububujika, hugeuka kijani na kutoweka. Ikiwa ni dhahabu, hubaki palepale, kwa kuwa tindikali hiyo haiwezi kuila dhahabu. Baadaye Wamarekani wakaanza kuusema usemi huu kuhusu tabia za watu pia. Rais Woodrow Wilson, alipotoa hoja zake 14 za amani mbele ya Bunge la Marekani tarehe 8 Januari 1918, alisema kwamba jinsi mataifa mengine yatakavyoitendea Urusi katika miezi iliyofuata ndiyo itakayokuwa jaribio la tindikali la nia yao njema. Tazama nani anayepimwa hapo: Urusi ndiyo iliyokuwa katika mateso, lakini kilichowekwa juu ya jiwe ni nia ya wale wengine.

Wanaokosea, nadhani, wanachanganya tindikali na moto. Barua ya kwanza ya Petro inazungumzia dhahabu inayojaribiwa kwa moto, na wahubiri wetu wameizoesha masikio yetu picha hiyo hadi kila jaribio la dhahabu likawa tanuri. Moto huyeyusha, hutenga takataka, na dhahabu hutoka humo ikiwa safi kuliko ilivyoingia. Tindikali ya sonara haisafishi kitu chochote. Inagusa mstari tu, inatoa jibu, na kipande chenyewe kinarudi mfukoni kikiwa vilevile kilivyokuja. Kwa hiyo mtu hawezi "kuimarishwa" na jaribio la tindikali, wala wingi wa maumivu hauligeuzi jaribu lolote kuwa la tindikali. Hata ukali wenyewe si hoja, kwa maana ipo tindikali kali zaidi, ile iitwayo maji ya kifalme, inayochanganywa kwa sehemu tatu za hidrokloriki na moja ya nitriki, nayo huiyeyusha dhahabu yenyewe. Anayemwagia mali ya mteja maji hayo bila kipimo hajajaribu kitu, ameharibu.

Litmasi, rangi ya kupimia tindikali, ni jamaa wa karibu, lakini haifanyi kazi ileile. Karatasi yake huwa nyekundu katika tindikali na buluu katika besi, ambayo ni kinyume cha tindikali, yaani inaonyesha kitu kiko upande gani bila kusema kama ni cha kweli au cha uongo, na ndiyo maana wanasiasa wa Marekani huuita jaribio la litmasi ule msimamo mmoja unaotosha kumkubali au kumkataa mgombea.

Mwezi uliopita binti mmoja aliyehitimu uuguzi alisimama mbele ya wazazi wake na kusema kwamba miaka yake yote ya kupanda na kushuka vilima vya Kadutu kwa miguu, akisoma kwa mshumaa, ilikuwa jaribio la tindikali. Nilimpigia makofi kama wengine, kwani alistahili. Kipimo anachokitaja, hata hivyo, bado hakijafika: kitakuja usiku wa kwanza atakapoachiwa wodi peke yake. Kuhusu miaka ile, angeweza kusema tu kwamba alipitia tanurini, na ukumbi mzima ungemwelewa.