Uchovu wa mchana na kikombe cha chai

Wengi wanaokuja kwetu kwenye ushauri wa lishe huanza kwa kuulizia dawa ya nguvu. Huyu anataka sindano, yule kinywaji cha kopo kutoka dukani. Mimi huuliza kwanza: asubuhi umekula nini? Awe katoka Mwanakwerekwe ya Unguja au Mkoani ya Pemba, jibu halitofautiani sana: chai ya rangi, sukari vijiko vitatu, na boflo au maandazi mawili.

Chakula hicho hushibisha ila hakikai. Unga mweupe na sukari huingia haraka kwenye damu, mwili hutoa insulini kuishusha, na adhuhuri haijafika mtu keshaanza kupiga miayo. Hapo ndipo huagiza kikombe cha pili. Shirika la Afya Duniani linashauri, ikiwezekana, sukari ya kuongeza isizidi takriban vijiko sita vya chai kwa siku. Vikombe viwili hivyo vimeshamaliza hesabu, na soda bado haijafunguliwa.

Sisemi mtu aache chai. Kumkataza Mzanzibari chai ni kutafuta ugomvi. Punguza sukari kidogo kidogo, ulimi utazoea, na iliki na mdalasini vitakusaidia. Kisha weka pembeni kitu kinachokaa tumboni: yai, mbaazi, kunde, samaki aliyebaki jana.

Lililo kubwa zaidi, na halisemwi sana, ni saa ya kuinywa. Chai ina tanini, nayo hushika madini chuma yaliyomo kwenye mchicha, matembele, kisamvu na maharage, yakapita bila kufyonzwa. Ukiinywa pamoja na mlo, unaweza kupoteza nusu ya madini hayo au zaidi. Bila madini chuma damu haiwezi kubeba oksijeni ya kutosha, na mtu huchoka hata kama kalala vizuri. Basi iache chai ikae mbali na chakula kwa saa moja hivi. Ndimu hufanya kinyume chake, husaidia madini kufyonzwa. Ikamulie mezani, juu ya mboga iliyokwisha iva, kwa sababu moto huharibu vitamini C. Pera au chungwa baada ya kula hufaa vilevile. Anayepata dagaa au maini ana bahati, madini yake hufyonzwa kwa urahisi zaidi.

Kina mama nawasisitizia zaidi, kwa sababu ya hedhi na uzazi. Mjamzito anayetamani kutafuna udongo au mchele mbichi asichekwe. Mara nyingi hiyo huwa dalili ya damu kupungua. Na kwa ndugu zetu wa Pemba, wazazi wasipuuze mtoto anayekojoa damu. Kichocho humaliza damu taratibu, na minyoo ya safura hali kadhalika.

Usingizi nao una wezi wake. Kahawa uliyokunywa barazani saa tatu usiku, karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa nane. Mtu mzima anahitaji saa saba za kulala, kwa hiyo usiku chemsha mchaichai, hauna kafeini. Wakati wa joto la kaskazi kunywa maji kabla kiu haijakubana. Mkojo ukiwa wa manjano iliyokoza, umechelewa. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kunatosha kwa mazoezi. Ufukwe haulipiwi.

Uchovu ukiendelea wiki mbili au tatu na hayo yote umeyafanya, au moyo ukikwenda mbio kwa kupanda ngazi tu, nenda kituo cha afya ukapimwe wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu. Kwa mjamzito, kwa kawaida chini ya 11. Ukipewa vidonge vya madini chuma, vimeze kwa maji, si kwa chai, na choo kikigeuka cheusi usivikatize. Ni vidonge hivyo hivyo vinavyokitia rangi.